Kalori zako za siku na jinsi ya kuziunguza: mwongozo kwa anayeishi Lamu

Vichochoro vya Mkomani na Langoni havipiti gari. Mwenye safari ya sokoni, msikitini au gatini huenda kwa miguu, au kwa punda akiwa na mzigo. Ndiyo maana wengi hushangaa wakipanda mizani: mbona natembea kutwa na uzito unazidi kupanda? Jibu mara nyingi liko jikoni, kwenye nazi, mafuta na sukari, na huwezi kulipata kwa kukisia. Hapa chini kuna hesabu nzima: mwili wako unahitaji kalori ngapi kwa siku, chakula chako kina ngapi, na mazoezi yanayowezekana hapa kisiwani yanaunguza ngapi hasa.

Andaa daftari, kikokotoo cha simu, mizani ya kujipimia na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Ukiwa na pesa ya kununua moja tu, nunua ya jikoni. Uzito wa mwili unaweza kupimwa zahanati au duka la dawa mara moja kwa wiki, lakini hakuna atakayekupimia tui na mafuta yako.

Kalori tunazozitaja ni zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti. Pakiti ikitaja kilojuli (kJ) peke yake, gawanya kwa 4.2.

Hatua ya 1: Pima uzito, kimo na kiuno

Jipime asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula au kunywa, ukiwa na nguo nyepesi. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Nyumba nyingi za zamani zina sakafu ya chokaa yenye mabonde, na mizani ikiyumba husoma pungufu au zaidi. Weka kigae kikubwa au ubao mnene ulionyooka, hakikisha hauchezi, kisha weka mizani juu yake. Tumia mahali hapo hapo kila siku.

Kimo pima bila viatu, visigino, makalio na mgongo vikigusa ukuta. Mtu wa pili aweke kitabu kigumu juu ya kichwa kikiwa kimelala sawa na kuegemea ukuta, atie alama ya penseli, kisha upime kutoka sakafuni.

Kiuno pima kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mwishoni mwa kutoa pumzi, bila kubana tumbo. Kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda, hata kama uzito unaonekana wa kawaida. Andika namba zote tatu na tarehe.

Hatua ya 2: Tafuta kalori za mwili ukiwa umepumzika

Hata ukilala mchana kutwa, moyo, ini, figo, ubongo na mapafu vinatumia nguvu. Kwa watu wengi hilo ndilo fungu kubwa kuliko yote ya matumizi ya siku. Fomula inayotumika sana kulikadiria ni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990:

Mwanamume: (10 × uzito kwa kilo) + (6.25 × kimo kwa sentimita) − (5 × umri) + 5

Mwanamke: (10 × uzito kwa kilo) + (6.25 × kimo kwa sentimita) − (5 × umri) − 161

Tuchukue mama wa miaka 38, kilo 78, kimo sentimita 160. Ni 780 + 1,000 − 190 − 161, yaani kalori 1,429. Mwanamume wa miaka 45, kilo 84, sentimita 172, anapata 840 + 1,075 − 225 + 5, yaani 1,695.

Fomula hii ni ya watu wazima. Usiitumie kwa mtoto. Na hata kwa mtu mzima inaweza kukosea kwa asilimia 10 hivi, juu au chini, kwa sababu haijui una misuli kiasi gani. Ichukue kama mahali pa kuanzia, utairekebisha kwa mizani baada ya wiki chache.

Hatua ya 3: Zidisha kwa kazi yako ya siku

Namba uliyoipata izidishe kulingana na siku yako ilivyo:

1.2 kwa anayekaa: mwenye duka, karani, fundi cherehani.
1.375 kwa mwenye kazi za nyumbani na mwendo mfupi mfupi wa mtaani.
1.55 kwa anayesimama na kutembea sehemu kubwa ya siku: seremala, mchuuzi wa samaki anayezunguka mitaa.
1.725 kwa kazi ya nguvu: hamali wa gatini, mjenzi anayebeba mawe na chokaa, mvuvi anayevuta nyavu.
1.9 kwa mwenye kazi nzito anayefanya na mazoezi makali juu yake. Watu hawa ni wachache.

Yule mama, akiwa ni wa kazi za nyumbani, anahitaji 1,429 × 1.375, kama kalori 1,965 kwa siku ili abaki na uzito alio nao. Yule mwanamume akiwa ni wa dukani anahitaji 1,695 × 1.2, yaani 2,034. Akiwa hamali, ni kama 2,920. Mwili ule ule, mji ule ule, tofauti karibu kalori 900.

Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujipandisha daraja. Kutoka nyumbani Mkomani hadi dukani Usita wa Mui, kurudi kula mchana na kwenda msikitini, ni mwendo wa dakika chache chache. Kama saa zilizobaki unakaa, wewe ni wa 1.2, au 1.375 kwa kukuhurumia. Ya pili ni kuhesabu zoezi mara mbili, mtu achague 1.55 kwa kuwa anatembea jioni, halafu aongeze tena kalori za matembezi hayo. Njia salama ni kuchagua kizidishi cha kazi peke yake, kana kwamba hufanyi zoezi lolote, na zoezi ulihesabu kando katika hatua ya 6.

Mvuvi ahesabu mara mbili kwa mwaka. Kusi ikichafuka na vyombo vikakaa pwani, mtu wa 1.725 anakuwa wa 1.375. Kwa mwanamume wa mfano wetu hiyo ni pungufu ya kalori 590 kwa siku, na akiendelea kula sahani ile ile ya msimu wa kazi, uzito utapanda hata bila kuongeza tonge moja.

Hatua ya 4: Weka lengo

Kupunguza uzito, toa kalori 300 hadi 500 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama kalori 7,700, kwa hiyo upungufu wa 500 kila siku ni karibu nusu kilo kwa wiki kwa hesabu ya karatasi. Wiki ya kwanza utashuka zaidi kwa sababu ya maji, na miezi ya mbele utashuka polepole zaidi kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo. Kuongeza uzito, ongeza 300 hadi 500, na uongeze kwa chakula chenye protini pia, si sukari peke yake.

Mama wetu akitoa 400 anabaki na kalori 1,565 za kula kwa siku. Mwanamke asishuke chini ya 1,200 na mwanamume chini ya 1,500 bila kusimamiwa na daktari au mtaalamu wa lishe. Chini ya hapo ni vigumu kupata madini, vitamini na protini za kutosha, na misuli huliwa pamoja na mafuta.

Hatua hii haimhusu kila mtu. Mjamzito asipunguze chakula ili apungue, na anayenyonyesha anahitaji nyongeza. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari anaweza kuanguka kwa sukari kushuka akipunguza chakula au akiongeza mazoezi ghafla, kwa hiyo dozi izungumzwe na daktari kwanza. Hali kadhalika mwenye maradhi ya moyo, na mzee ambaye tayari anapungua bila kutaka.

Hatua ya 5: Hesabu chungu, siyo sahani

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye faida kubwa. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Mengine yote yanatokana na hapo.

Vyakula vya kwetu huwezi kuvisoma kwenye jedwali la mtu mwingine, kwa sababu kila nyumba ina tui lake. Dawa ni kupima vitu vibichi vinavyoingia chunguni, kujumlisha, kisha kugawa kwa kilichotoka. Namba za kuanzia, kwa kila gramu 100: mchele mkavu 360, unga wa mahindi 360, unga wa ngano 364, sukari 390 hivi (tumia 400, ni rahisi kuzidisha), tui zito la kwanza kama 230, mbaazi zilizochemshwa 120, samaki mweupe wa kuchoma 110 hadi 130, viazi vilivyochemshwa 87, tende kavu 280, ndizi mbivu 89, embe 60, maziwa ya ng'ombe 62, maji ya dafu 19. Mafuta ya kupikia ni kalori 120 kwa kijiko kimoja cha chakula kilichojaa sawa, cha mililita 15. Samli haiko mbali na hapo. Mboga za majani zenyewe ni chache mno kusumbua kuhesabu, ila hesabu kile ulichozipikia.

Tuanze na wali wa nazi. Kabla ya yote, pima sufuria tupu na uandike uzito wake kwa nje kwa rangi au alama isiyofutika. Mchele kilo 1 ni kalori 3,600. Tui zito mililita 400 ni 920. Jumla 4,520. Wali ukiiva, pima sufuria pamoja na wali, toa uzito wa sufuria. Tuseme umepata gramu 2,800. Gawanya 4,520 kwa 2,800, unapata 1.61, yaani kalori 161 kwa kila gramu 100. Sahani ya gramu 300 ni kama kalori 480. Wali mweupe wa maji na chumvi ungekuwa kama 390 kwa sahani hiyo hiyo. Hesabu hii ukiifanya mara moja kwa kipimo chako cha kawaida, hutarudia tena isipokuwa umebadilisha mapishi.

Mahamri yana siri moja, nayo ni mafuta yanayonyonywa. Chukua unga kilo 1 (3,640), sukari gramu 200 (800), tui zito mililita 300 (690). Hamira na iliki usizihesabu. Sasa pima mafuta kabla ya kuyamimina karaini, tuseme lita 1, na uyapime tena yakishapoa na kuchujwa. Yakibaki mililita 880, mililita 120 zimeingia kwenye mahamri, ambazo ni gramu 110 hivi, sawa na kalori 990. Jumla yote 6,120. Ukikata 40, kila hamri ni kalori 153. Ukikata makubwa yakatoka 30, kila moja ni 204. Mafuta yakiwa hayajashika moto vizuri, mahamri hukawia kuumuka na hunywa mafuta mengi zaidi, kwa hiyo subiri hadi kipande kidogo cha unga kipande juu mara ukikitia, na usijaze karai ukapooza mafuta.

Sasa tazama kiamshakinywa kimoja cha kawaida. Mahamri 3 ni 459. Bakuli la mbaazi, gramu 150 za mbaazi na mililita 60 za tui zito, ni kama 320. Kikombe cha chai ya nusu maziwa, chenye vijiko 2 vya chai vya sukari vilivyofura, ni kama 134. Jumla 913, na siku haijaanza. Kwa mama mwenye lengo la 1,565, zaidi ya nusu imekwisha.

Asiache kula. Abaki na hamri 1 (153), mbaazi zile zile zipikwe kwa tui la pili na kutiwa kijiko kimoja tu cha tui zito mwishoni kwa ladha (kama 230), na chai iwe na kijiko 1 kilichosawazishwa (94). Jumla 477. Ameokoa kalori 436 kwa mlo mmoja, na lengo lake la siku nzima lilikuwa kutoa 400. Mbaazi ndizo zinazoshibisha hapo, kwa protini na nyuzi zake, hazikuguswa.

Kanuni hiyo inafanya kazi kwenye kila chungu chenye nazi. Pika na tui jepesi, tui zito liingie mwisho na liwe kidogo. Ladha na harufu hubaki kwa sababu tui zito halikuchemka muda mrefu. Kwenye samaki wa kupaka, gramu 200 za nyama ya changu ni kama kalori 240, na mililita 100 za tui zito ulizompaka ni 230. Tui limeshakuwa samaki wa pili sahanini. Mpake nusu yake, ukoleze ndimu, kitunguu thomu na pilipili.

Vinavyosahaulika kuandikwa ni vya barazani. Kahawa tungu haina kalori za kusumbua, lakini kipande cha kashata au halwa kinachoandamana nayo kinazo. Tende ndogo moja ni kama kalori 22, na mkono ukizoea kombe la tende, 10 huenda bila kujua. Vikombe 3 vya chai ya aina tuliyoitaja ni kalori 400. Juisi ya ukwaju au ndimu inategemea sukari iliyotiwa, na ya mtaani mara nyingi hutiwa nyingi. Dafu ukilinganisha ni jepesi: mililita 300 ni kalori 60 hivi.

Kuhusu protini, lenga gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito unapopunguza mwili. Kwa kilo 78 ni gramu 94. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zina kama 22 hadi 25, yai moja lina 6, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8, gramu 100 za mbaazi zilizopikwa zina 7. Anayeishi Lamu hana sababu ya kununua unga wa protini wa kopo.

Hatua ya 6: Hesabu mazoezi kwa haki

Wataalamu hupima ukali wa zoezi kwa kizio kiitwacho MET. MET 1 ni kukaa kitako umetulia, ambako huunguza kama kalori 1 kwa kila kilo kwa saa. Kutembea kilomita 4.5 kwa saa ni 3.5. Kuogelea bila haraka ni kama 6. Mpira wa kujifurahisha ni 7. Kukimbia kilomita 8 kwa saa ni kama 8.3. Kuruka kamba polepole ni kama 9.

Hesabu yake: (MET − 1) × kilo × saa.

Ile moja tunaitoa kwa sababu ungeiunguza hata kama ungekaa, na tayari imo kwenye namba ya hatua ya 3. Saa nyingi za mkononi na programu za simu haziitoi, ndiyo maana zinakuonyesha kalori nyingi kuliko ulizopata kweli.

Njia ya ufuoni kutoka mjini hadi Shela ni kilomita 3 hivi. Mama wetu akienda kwa dakika 40 na kurudi kwa dakika 40, ni 2.5 × 78 × 1.33, kama kalori 260. Hayafiki mahamri mawili. Tunalisema wazi kwa sababu kosa linalovunja mioyo ya watu wengi ni hili: mtu anatembea hadi Shela, anarudi na njaa, anakunywa soda na kula sambusa 2, na mwezi ukiisha analaumu mwili wake. Upungufu wa kalori utafutie jikoni. Mwendo ni wa kulinda moyo, sukari na misuli, na kukuongezea nafasi ndogo ya chakula, usiirudishe yote sahanini.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za zoezi la wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2. Wastani maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kusoma kaswida bila kukatika pumzi. Au hesabu hatua: 25 kwa sekunde 15, yaani kama 100 kwa dakika. Aliyekaa muda mrefu bila mazoezi aanze dakika 15 hadi 20, siku 4 kwa wiki, aongeze dakika 5 kila wiki.

Angalia maji kabla ya kutoka. Siku za bamvua, maji yakijaa hufunika sehemu ya njia ya Shela, na utajikuta unarukia mawe yenye utelezi. Toka maji yakiwa yanakupwa au yamekupwa, ambapo pia ufuo huwa na mchanga mgumu wa kutembelea.

Mchanga wenyewe ni kifaa cha mazoezi. Kutembea kwenye mchanga laini huchukua nguvu mara 2 au zaidi ya ardhi ngumu kwa mwendo ule ule, kwa sababu mguu unazama na mchanga unateleza nyuma unapojisukuma. Ufuo wa Shela una kilomita nyingi za mchanga huo. Lakini wiki ya kwanza usizidi dakika 10, kisha shuka kwenye mchanga mbichi mgumu karibu na maji. Wanaoanza na saa nzima huamka kesho yake na maumivu ya kano ya nyuma ya kisigino, na hayo hukawia kupona. Tena, ufuo umeinama upande wa bahari: nenda na urudi njia ile ile ili mguu mmoja usibaki chini muda wote.

Kuogelea dakika 30 kwa kilo 78 ni kama kalori 195. Ogelea sambamba na ufuo, kwenye kina cha kusimama. Mkondo kati ya Lamu na Manda una nguvu maji yanapojaa na yanapotoka, na zaidi siku za bamvua, kwa hiyo usijaribu kuvuka kwa zoezi. Siku za maji mafu ni tulivu zaidi kwa anayejifunza.

Kwa anayependa faragha, hasa kina mama, nyumba inatosha. Kamba dakika 10 juu ya paa, ukigawa dakika 1 kuruka na dakika 1 kupumzika ikiwa ni mgeni wake, inafika kama kalori 100 ukikamilisha dakika 10 za kuruka. Ngazi za nyumba za zamani ni zoezi zuri la mapaja, ila vipandio vyake ni virefu na havilingani. Panda bila viatu au kwa raba zenye kushika, siyo ndara, shuka polepole mkono ukutani, na usifanye hivyo gizani. Mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kusimama mara 10, kujisukuma mikono ikiwa juu ya baraza mara 8, kunyanyua ndoo ya maji ya lita 5 kila mkono mara 12. Pumzika dakika 1, rudia mizunguko 3, siku 2 kwa wiki zisizofuatana. Ndoo ikiwa nyepesi, ijaze zaidi. Bila mazoezi haya, sehemu ya kilo unazopoteza inakuwa ni misuli.

Kufagia, kufua kwa mikono, kukuna nazi na kupanda sokoni kumeshahesabiwa kwenye kizidishi chako. Usikuandike tena.

Hatua ya 7: Joto, jasho na Ramadhani

Wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, joto na unyevu hufanya jasho lisikauke mwilini, na mwili hushindwa kupoa. Fanya mazoezi baada ya sala ya alfajiri au kati ya alasiri na magharibi. Kunywa mililita 150 hadi 200 za maji kila dakika 20. Ukijipima kabla na baada ya zoezi ukakuta umeshuka kilo 1, hiyo ni lita 1 ya maji, na kuvaa nguo nzito ili utoke jasho zaidi hakuunguzi mafuta, kunakukausha. Kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kugonga, simama, kaa kivulini, jimwagie maji. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kusema ovyo, ni dharura, apozwe kwa maji mengi na apelekwe hospitali mara moja.

Ramadhani hesabu ya siku ianze magharibi hadi daku. Lengo ni lile lile, hatari ni kaimati, tambi za sukari, sambusa na viazi vya nazi kukutana kwenye sinia moja. Futuru kwa tende 3 na maji, swali, kisha kula ukiwa umetulia. Daku iwe na mbaazi, mayai au samaki, vinakaa tumboni kuliko chai na mkate. Tembea dakika 20 hadi 30 kwa mwendo mwepesi kabla ya futari, au baada ya tarawehe. Kamba na mchanga laini viache hadi mwezi uishe.

Hatua ya 8: Iache mizani iseme, kisha rekebisha

Uzito hupanda na kushuka kilo 1 hadi 2 kwa siku kwa sababu ya chumvi, maji, choo na, kwa wanawake, mzunguko wa mwezi. Siku ya pilau la harusi na papa mkavu, kesho yake mizani itapanda, na hayo si mafuta. Ukiwa na mizani nyumbani, jipime kila asubuhi, jumlisha siku 7, gawanya kwa 7, na ulinganishe wastani wa wiki na wa wiki iliyopita. Anayehedhi alinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Kiuno pima kila wiki 2.

Wastani usiposhuka kwa wiki 3, kabla ya kupunguza chakula rudi kwenye daftari na ukague kwa utaratibu huu: mafuta, je, uliyapima kwa kijiko au uliyamimina? Tui lilikuwa la kwanza au la pili? Chai ulihesabu vikombe vyote, na kijiko kilikuwa kimesawazishwa? Vya barazani viliandikwa? Na ijumaa na siku za shughuli, uliandika au uliacha? Mara nyingi kalori zinazotafutwa zinapatikana hapo. Kama daftari ni safi, toa kalori 150 hadi 200 nyingine, au ongeza safari 2 za Shela kwa wiki, na usubiri wiki 3 tena.

Ukishuka kwa kasi ya zaidi ya kilo 1 kwa wiki baada ya wiki 2 za mwanzo, au unahisi baridi, uchovu na nywele zinakatika, ongeza 200. Na kila ukipungua kilo 5, rudia hatua ya 2 na ya 3. Mama wetu akifika kilo 73, mwili wake unahitaji 1,379 × 1.375, yaani kama 1,895 badala ya 1,965. Lengo lake jipya ni kama 1,495 kwa siku.